Kioo Chenye Kiputo

Kioo cha kwanza kuvunjika siku hiyo kilikuwa cha miwani ya Injinia Reuben, na kilivunjikia usoni mwake.

Ngumi ilikuwa ya Nzomo, fundi wa vioo, mtoto wa wachongaji wa Wamunyu. Mkono uliokulia kwenye shoka la kuchongea haupigi kwa adabu.

"Rudia!" Nzomo alifoka. "Rudia mbele ya Mama Wambugu kwamba mimi ni mwizi!"

Reuben alitema damu kwenye vigae vilivyopigwa deki asubuhi hiyo. Njambi, mwenye hoteli, ambaye mafundi walimwita Mama Wambugu, hakuvitazama. Macho yake yalikuwa kwenye reli ya kioo iliyozunguka veranda ya ghorofa ya tatu, na uwanja wa saruji ulioonekana chini kabisa. Jumamosi kulikuwa na harusi, ya kwanza tangu ajenge. Watoto wa kwaya wangesimama hapo hapo kwenye reli, wamwimbie bibi harusi.

"Narudia," Reuben alisema, pua ameishika. "Kioo cha reli ni vioo viwili, vimegandishwa na utando wa plastiki katikati. Hata kikipasuka chote, utando unakishika, mtu haendi popote. Lakini huyu ameweka utando feki. Jua likiupiga siku mbili tatu, unaachia. Mama, si uangalie hicho kiputo?"

Njambi aliangalia. Kwenye kona ya kioo cha katikati kulikuwa na kiputo cha hewa, kidogo kama punje ya mtama.

"Hiyo hewa ni ya pembeni tu, Mama Wambugu," Nzomo alisema. "Haiingii ndani. Hiyo reli itakuzika wewe, inizike na mimi, na bado itakuwa imesimama."

"Mtoto mmoja akiiegemea," Reuben alisema, "tutamwokota na beleshi. Mimi hapa siwezi kuigusa hata na kidole."

Na ni kweli. Tangu afike kukagua reli alikuwa amejibandika ukutani, na kila aliyesogelea reli alimvuta nyuma kwa kola, Njambi mwenyewe akiwemo.

"Sasa nitafanya nini, na Jumamosi ndiyo hiyo?" Njambi aliuliza.

"Ng'oa zote. Niko na mtu kule Mlolongo anauza kioo cha ukweli. Nikimpigia sasa hivi, kesho ako hapa."

Teke la Nzomo lilimpata tumboni kabla hajafunga mdomo. Injinia alijikunja kama kisu cha mfukoni. Nzomo akamkamata tai, akaizungusha mara moja kwenye ngumi, akaanza kumburuta kuelekea kwenye reli.

"Kama nimeiba, twende nayo chini sisi wawili! Kuja! Kuja tuiegemee!"

Reuben alipiga yowe la mbuzi wa Krismasi. Alikumbatia nguzo ya mlango. Nzomo akamkanyaga vidole hadi vikaachia. Akakumbatia kiti, kikaburutwa naye.

"Anataka kuniua! Mama, mtu ananiua!"

Hapo hakuna aliyehitaji digrii kujua nani mbaya. "Kimeu!" Njambi alipaza sauti. "Mshikeni!"

Kimeu, msimamizi wa waashi, alipanda ngazi mbio na vijana wake, kila mmoja na ubao wa jengo mkononi. Ubao wa kwanza ulitua kwenye kiwiko cha Nzomo. Kitu kililia ndani, na tai ikaachiwa.

"Niwacheni niigonge!" Nzomo alipiga kelele, akijirusha tena kuelekea kwenye kioo. "Niwacheni niruke nayo peke yangu, muone!"

"Asi! Huyu ashachanganyikiwa," Kimeu alisema, na akampiga shingoni ili asijiumize.

Walimpiga kwa moyo mmoja. Kila mmoja wao alikuwa na mtoto kwenye kwaya ile, au alijikumbusha kwamba anaye. Misumari iliyosahauliwa kwenye mbao ilifanya kazi yake. Nzomo alipoacha kusema, walimshika miguu wakamteremsha, kichwa kikigonga kila ngazi. Uwanjani, waliokuwa wakishusha viti vya harusi walijiunga. Hao hawakujua kosa lake, kwa hivyo walipiga zaidi, wasije wakaonekana wanamtetea.

Juu, Njambi alivua kitambaa chake cha kichwa, akampa Reuben apanguse damu.

"Pole sana, injinia. Umevunjwa pua kwa sababu ya watoto wa wenyewe."

"Ni kazi, Mama."

"Basi mpigie huyo mtu wako. Alete zote. Mimi wacha niende niwaambie hawa wamwache, tuite polisi."

Alishuka akikanyaga kwa uangalifu, maana ngazi zilikuwa zinateleza. Alipofika uwanjani kelele zilikuwa zimekwisha. Watu walikuwa wamesimama duara, mbao zimeelekezwa chini, kila mmoja akitazama viatu vya mwenzake. Kimeu alikuwa amepiga magoti, sikio kwenye kifua cha Nzomo. Aliliweka hapo muda mrefu. Kisha aliliondoa polepole, akavua kofia.

Njambi aliinua uso amwite injinia ashuke.

Kule ghorofa ya tatu, shati jeupe la Reuben lilikuwa limebanwa bapa kwenye kioo chenye kiputo. Alikuwa amekiegemea kwa mgongo na uzito wake wote, miguu ameipishanisha, simu sikioni, anacheka.