Papai Lenye Alama ya Meno

Fuko, mchapakazi asiye na maneno mengi, alikuwa akiwauzia nyani viazi vitamu, kikapu kwa mapapai matatu. Mkuu wa nyani, mbishi wa kupindukia, akaja juu.

"Mapapai yetu yanaishia kwa Fuko, sisi tunabaki na maganda ya viazi! Kuanzia leo, akitoka sokoni atalipa ushuru wa papai moja."

"Na viazi vyenyewe viko wapi, baba watoto?" mkewe akauliza. "Si tumboni mwetu?"

"Wewe hujui uchumi."

Jioni Mkuu akarudi kutoka langoni kifua mbele, papai mkononi. "Tazama! Fuko amelipa, wala hakunung'unika."

Mkewe akaligeuza lile papai. Ubavuni lilikuwa na alama ya meno. "Si hili uliloling'ata asubuhi ukaliacha kwa sababu ni bichi?"

"Ndilo. Limefikaje kwa Fuko?"

"Nimempa mimi, niliponunua viazi. Kikapu sasa ni mapapai manne."

Mkuu akalitazama, akaling'ata tena. Lilikuwa bado bichi.