Mdogo Wake Tunu

Zamda alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mashindano makubwa ya jimnastiki hayakupokea msichana wa chini ya kumi na sita. Kwa hiyo kocha alimsajili kwa cheti cha kuzaliwa cha dada yake Tunu, aliyefariki kwa homa akiwa bado mdogo. Akashinda. Ukumbi mzima ulisimama ukiliita jina la marehemu, naye akapunga mkono.

Siku aliyorudi, mama yake alimpokea stendi, wakapitia makaburini kumwombea Tunu. Kibao cha kaburi kilikuwa kimepakwa rangi upya. Kiliandikwa Zamda, na chini yake mwaka aliozaliwa Zamda.

"Mama, hili si jina langu?"

"Watu wa chama cha jimnastiki walikuja mjini kuuliza umri wako," mama alisema. "Kocha akahofia watafika mpaka huku. Ulitaka wakufungie maisha?"

"Lakini si wameshaondoka? Tukibadilishe basi."

Mama alichuchumaa, akaanza kung'oa majani kandokando ya kaburi, akizungumza na aliyelala humo kwa sauti ya kubembeleza.

"Zamda mwanangu, dada yako amerudi na medali."

"Mama! Mimi niko hapa."

Mama aligeuka, akamtazama kwa upendo mwingi.

"Naona, Tunu. Njoo umsalimie mdogo wako."

Zamda alisogea taratibu, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo. Ulikuwa na joto, kama godoro ambalo mtu ameondoka juu yake sasa hivi.