Unywele Mlangoni

Katika jaribio la mwisho mshale wa kipimo ulishuka kidogo, Namkunda akajua chombo kinavuja hewa. Na kesho mumewe, Elifuraha, angepaa nacho kwenda anga za juu. Akafungua mlango, akapitisha kidole taratibu juu ya mpira unaouziba. Akakuta unywele mmoja, wa kwake mwenyewe, ulioanguka alipoinama ndani kumbusu.

"Usiutupe," Elifuraha alisema kutoka kitini ndani ya chombo. "Nipe."

"Huu uliotaka kukuua?"

"Huo huo."

Akasonya, akampa. Akaufuta mpira, akajifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi, akainama akambusu tena, ndipo akafunga. Safari hii mshale haukutikisika. Nyuma ya kioo, Elifuraha alikuwa akiuviringisha unywele kidoleni, polepole, kama anayejivisha pete.