Namba Iliyotajwa Mbilimbili

"Mwanangu, futa namba za simu zote kabla maelezo hayajaenda upande wa pili," wakili alisema, amesimama nyuma ya kiti cha fundi wa kompyuta. "Meneja wa kiwanda akiipata hata moja, wale akina mama waliomshtaki kwa kuwashikashika hawatalala."

Fundi aliandika kanuni fupi ya kusaka tarakimu kumi zinazofuatana. Kwenye maelezo ya wafanyakazi wa kiwanda, namba zikawaka manjano.

Lakini yeye hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Akailegeza kanuni, ikubali na nafasi katikati ya tarakimu.

Ikawaka moja zaidi. Ilikuwa imeandikwa mbilimbili, vile mama yake huitaja yake, polepole, akigonga meza kwa kidole.

Ilikuwa ya mama yake. Mama aliyeacha kazi kiwandani ghafla, akasema ni mgongo tu.

Maelezo yake yalianzia hapohapo chini. Fundi akayafunika kwa kiganja kwenye kioo cha kompyuta, na kwa mkono wa pili akabonyeza kitufe cha kufuta. Namba zote zikageuka nyota tupu.

"Umesoma chochote?" wakili akauliza.

"Kazi yangu ni kufuta," akajibu, na kiganja hakikubanduka kiooni.