Sadaka ya Aliye Hai

Viorica alifungua sanduku la mama yake kutafuta blanketi la ziada, akakuta nguo mpya zimepangwa kuanzia shingo hadi nyayo: sweta la buluu, sketi ya sufu, soksi, viatu. Juu yake kulikuwa na taulo jeupe na mshumaa mnene. Akalifunga sanduku haraka kama mwizi.

Alikuwa amekaa ugenini, katika mji wa Torino, miaka mingi akiwaogesha wazee wa watu. Aliolewa hukohuko, akaachika hukohuko, mtoto hakujaliwa. Lakini ya kwao hakuyasahau. Kijijini kwao marehemu hupikiwa sadaka, na jirani mmoja huvishwa nguo mpya kwa niaba yake, ili huko alikokwenda asikae uchi wala na njaa. Na mtu asiye na uhakika wa kuacha nyuma wa kumpikia, sadaka yake hupikwa angali hai.

Nje theluji ilikuwa imefika madirishani. Jikoni kuni zilivuma ndani ya jiko, mkate ulinukia, na mzee Ilarie, baba yake, alikuwa akimenya vitunguu huku paka kamlalia miguuni. Ni mapumziko ambayo Viorica aliyalilia mwaka mzima, na sasa kitumbua kilikuwa kimeingia mchanga.

"Baba, mama anaumwa nini?"

"Anaumwa mdomo. Haujafungwa tangu ulipofika."

"Sitanii. Nimeona sandukuni."

Mzee akainamia vitunguu vyake. "Muulize mwenyewe. Mimi nimekatazwa, na mama yako akikataza unamjua."

Mama yake, Safta, alikuwa kwenye meza ya dirishani akiviringisha wali na uyoga ndani ya majani ya kabichi. Viorica alimkagua kwa macho ya kazini: midomo, kucha, pumzi. Halafu akatazama chini. Vile viatu vya sandukuni vilikuwa vikubwa, na mama yake tangu ujana alivaa viatu vya kitoto. Basi miguu inavimba, aliwaza. Aliwaona wazee wengi walioanza hivyo, na hakuna aliyemaliza naye majira mawili.

"Bado unazipenda hizi za uyoga?" Safta aliuliza.

"Nazipenda, mama. Jumatatu nakupeleka mjini kwa daktari."

"Jumatatu wewe uko kazini Torino."

"Nitawaambia wasubiri."

"Wakufukuze? Hebu sogea, unaniziba mwanga." Akakunja jani jingine, akalibana kwa kidole gumba. "Huko Torino, ukishikwa na homa, nani hukupa maji?"

"Nina jirani."

"Anaitwa nani?"

Viorica alifungua kinywa, jina halikuja. Hapo akapandwa na hasira.

"Usinigeuzie maneno! Nguo nimeziona. Yaani unadhani ukifa sitakupikia? Ndivyo unavyonihesabu mimi, mama?"

Mikono ya Safta ikasimama. "Wewe utanipikia, mwanangu. Hilo halijaninyima usingizi hata siku moja."

"Sasa kwa nini?"

"Kesho watu wanakuja, na uyoga wenyewe haujaisha kukatwa. Shika kisu."

Viorica akashika kisu. Alikata uyoga akilia waziwazi, na baba yake akasingizia kuwa ni vitunguu ndivyo vinavyowaliza wote. Kabla ya kwenda kulala alikuwa amekata shauri. Harudi Torino. Atamwogesha mama yake, si mama za watu.

Jumamosi, ambayo ndiyo siku ya wafu, majirani waliingia wakikung'uta theluji viatuni. Meza ilijaa ngano ya kuchemshwa yenye sukari, kabichi, mikate ya kusuka na divai. Kila aliyeingia alimkumbatia Viorica kupita kawaida, na wanawake wengine walimpapasa shavu machozi yakiwalengalenga. Wote wanajua, aliwaza kwa uchungu. Kijiji kizima kimejua kabla yangu mimi niliyetoka tumboni mwake.

Akamtafuta kwa macho Bi Floarea, maana huvishwa mtu wa umri na umbo la mwenye sadaka, na Floarea na mama yake walikuwa chanda na pete tangu usichana. Lakini Floarea alikuwa amejikalia karibu na jiko, na sweta lake lilelile lililotoboka kiwiko, anatafuna mkate.

"Bi Floarea, wewe hujavaa?" alimnong'oneza.

"Mimi? Nitaingia wapi kwenye sketi ile!" bibi akacheka, kisha kicheko kikamkauka ghafla, akaangalia pembeni.

Mlango wa chumba cha ndani ukafunguka. Aliyetoka na sweta la buluu alikuwa Dumitra, aliyeketi dawati moja na Viorica tangu darasa la kwanza. Viatu vilimkaa sawasawa. Alipita mbele ya Viorica bila kumtazama.

Safta aliwasha mshumaa, akamkabidhi Dumitra pamoja na sahani ya kabichi za uyoga. Sauti yake haikutetemeka.

"Chakula hiki, nguo hizi na mwanga huu," alisema, "vimngoje huko Viorica, mwanangu."

"Na vimngoje," majirani wakaitikia, na sauti ya baba yake ilikuwa juu kuliko zote.