Kura ya Saba

Wakurugenzi watatu walikuwa wameinua mikono kumkubali mhandisi wa kike aliyesubiri nje awe mkuu wa ufundi, mwenye kiti katika bodi. Watatu walikuwa wamekataa. Ilibaki kura ya mwanamke pekee katika bodi ya kampuni hiyo ya programu za kompyuta.

Yeye ndiye aliyemfundisha mhandisi huyo kazi, tangu binti huyo hajaweza kuandika hata mstari mmoja wa programu.

“Dada, tafakari,” mwenyekiti alisema kwa upole. “Wanawake wawili mezani? Watasema tumegeuza bodi kuwa kamati ya harusi.”

Wenzake wakacheka. Mwanamke naye akacheka, kama alivyocheka kwa miaka tisa ili kiti chake kisitikisike.

Aliutazama mkono wake wa kulia: kucha fupi, kovu dogo la moto wa lehemu, la siku alizokuwa akiunga nyaya za kompyuta. Aliusubiri uinuke, kana kwamba ulikuwa wa mtu mwingine. Haukuinuka.

“Basi, hajapata kura nne. Tumemaliza,” mwenyekiti akasema. “Nenda wewe ukamwambie. Ninyi mnaelewana.”

Alipofungua mlango, binti alisimama upesi, akanyoosha koti lake.

“Shikamoo, mwalimu,” akasema. “Nilipokuona ukiingia humo ndani, moyo wangu ukatulia.”