Ukili wa Mize

Mihula mitatu Mize alikaa safu ya nyuma, mikono chini ya meza, akisuka ukili, ule utepe wa majani wa kushonea mkeka, kimyakimya. Vidole vyake vikikaa bure, mhadhara wote humpita. Leo zamu yake ya kuwasilisha utafiti ilifika.

Alisimama mbele. Macho yote yakamwelekea, na yote aliyoyakariri yakayeyuka. Alizipekua karatasi zake, asione pa kuanzia. Akaziweka mezani, akafungua mkoba, akatoa ukili.

Darasa likacheka.

"Mize, hapa ni darasani, si barazani," alisema mhadhiri.

"Najua, mwalimu. Lakini nikisuka ndipo akili yangu inatulia. Nipe dakika kumi tu, kisha unikaripie."

Mhadhiri akaketi. Mize akaongeza mwaa mmoja, jani jembamba la kusukia, akaukaza, na sentensi ya kwanza ikatoka. Ya pili ikaifuata, sauti ikipanda, na karatasi hakuzitazama tena.

Katikati ya maelezo, pindi la ukili likateleza kutoka mezani, likajikunjua hadi safu ya mbele. Msichana wa pale, ambaye kila siku hutafuna kifuniko cha kalamu, akainama akaokota ncha yake. Hakuirudisha. Aliishika kwa mikono miwili, akaanza kuipapasa huku akimsikiliza Mize, kalamu yake imelala mezani.